Chungu Nilichokizika Mwenyewe

Nimefundisha Masomo ya Jamii miaka mingi, na jambo moja nimelijua vizuri: mtoto hasumbuliwi na historia, anasumbuliwa na mtihani. Ukimwambia watu wa kale walikula mizizi, ataandika mizizi. Ukimwambia kuna wataalamu wanaosema walikula nyama, atanyoosha mkono akuulize aandike ipi. Shida zangu zote zilianzia hapo, na nusura zininyang'anye kitu cha pekee alichoniachia mama yangu.

Shule yetu iko pembeni mwa mji wa Kakamega, ukipita nyumba za kupanga za wanafunzi wa chuo kule Shirere na kuteremka kidogo kuelekea kijito. Muhula huo nilikuwa na Gredi ya Saba, na mada ilikuwa chimbuko la jamii zetu. Niliwatuma nyumbani wakawaulize wazee wao tulitoka wapi. Jumatatu walirudi na majibu mengi kuliko madawati. Karibu wote walikuwa wametoka Misri, hilo halikuwa na ubishi, lakini kila nyanya alikuwa na njia yake. Kuna waliofuata ng'ombe aliyepotea, kuna waliofuata mto, kuna waliofukuzwa na waliojiondokea wenyewe kwa hasira. Mmoja aliambiwa na babu yake kwamba wao wamekuwa hapa tangu mwanzo, waliotoka Misri ni majirani, na hata kwa tabia inaonekana. Mwingine aliandika kwamba ukoo wao ulitoka Lugari kwa lori. Nilipomuuliza akasema baba yake alikuwa ndani ya hiyo lori na anaikumbuka mpaka rangi.

Niliwaambia hiyo ndiyo raha ya historia. Watu wawili wanaweza kulitazama jambo moja la kale wakaona mambo mawili, na kazi yetu ni kuuliza kwa nini. Nikaandika ubaoni maswali manne: Nani anasema? Alikuwako? Anajuaje? Anapata nini tukimwamini? Wakayanakili kwa mwandiko mzuri ajabu. Kisha msichana wa dawati la mbele, ambaye hunyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari, akauliza, "Madam, kwa mtihani tutaandika ipi?"

Mimi ni mwepesi wa hasira, na sifichi. Siku hiyo niliapa kwamba kabla ya muhula kuisha watoto hao wataelewa, hata kama itabidi wachimbe ardhi. Kumbe kiapo kinasikika. Nilimpelekea mwalimu mkuu karatasi yenye kichwa "Zoezi la Uchimbaji wa Mambo ya Kale", naye akaitia sahihi huku akizungumza kwa simu kuhusu saruji ya lango jipya la shule.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningezika vitu nyuma ya jiko la shule, karibu na ua, halafu watoto wachimbe kwa makundi, kila kundi lieleze bila kusikiliza lenzake ni watu gani walioishi pale. Wangetofautiana, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Mwishoni ningewafichulia kwamba watu wenyewe ni mimi, nao wangejifunza unyenyekevu. Nilitaka watoto wajifunze unyenyekevu. Mwenyezi Mungu naye alikuwa na orodha yake.

Nilizika Jumapili, watu wakiwa kanisani. Mwenyekiti wa kina mama nilikuwa nimemwambia kichwa kinaniuma. Nilichukua mafiga matatu yaliyotupwa nje tangu shule ilipojengewa jiko la matofali. Nikachukua mifupa ya kuku tuliyemla Jumamosi na, kama mtego, kifuniko cha soda, ili nione ni kundi gani litakalokuwa na macho. Lakini hivyo vyote vilikuwa vitu vya kuchezea. Nilitaka kimoja kilicho cha kale kweli, kitu ambacho mtoto akikigusa atanyamaza. Nami nyumbani nilikuwa nacho kimoja tu, chungu cha mama.

Ni chungu cheusi cha kupikia mboga, kimepasuka mdomo upande mmoja. Mama alikipata kwa mama mkwe wake, nyanya yangu, ambaye sisi wote tulimwita Kukhu. Kukhu naye alikipata kwa mama mkwe wake, na huyo alikivusha mto kichwani akikimbia vita ambavyo kila mwaka vilibadilika kidogo. Kila Krismasi, tulipokutana wote, mama alipika mrenda ndani yake kwa magadi ya majivu na kutusimulia safari hiyo, Kukhu akiwa ameketi pembeni akila kimya. Hakumruhusu mtu mwingine kukiosha. Kukhu alikufa, mama akafuata, ndugu zangu wakagawana ng'ombe na mabati, mimi nikaomba chungu wakanicheka. Ningeibiwa runinga ningekasirika siku mbili. Chungu hicho nisingejisamehe mpaka kaburini. Nilijiambia kitakaa ardhini siku tatu tu, udongo haukidhuru chungu, ndiko kilikotoka.

Shimo lilikuwa jembamba kwa sababu jembe langu lilikuwa butu na mgongo uliniuma. Kwa hiyo mafiga sikuyalaza. Niliyasimamisha wima, matatu, na chungu nikakiweka katikati, mifupa kando yake. Nikafukia, nikatandaza majani, nikaenda zangu nyumbani kuuguza kichwa ambacho sasa kilikuwa kinauma kweli.

Mtu wa kwetu yeyote anayesoma hapa ameshashika mdomo. Mawe matatu yaliyosimama karibu na boma, na chungu, na mifupa ya kuku: zamani hapo ndipo mzee wa nyumba alipozungumza na waliotangulia. Nililijua hilo. Nimelifundisha. Lipo kwenye daftari langu la maandalizi, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria upana wa shimo.

Jumatano watoto walichimba. Kundi la kwanza lilikuwa limefikia nusu ya mafiga, watoto wanapangusa udongo kwa brashi za viatu kama nilivyowaelekeza, wakati mpishi wa shule alipotoka nje kumwaga maji machafu. Alitazama shimoni. Akaweka karai chini taratibu, akavua aproni, akaikunja, akampigia simu kaka yake.

Lazima nieleze jambo la lango. Kuna koo mbili zinazoishi karibu na shule, mmoja juu ya kilima na mmoja chini kando ya kijito, na kila mmoja unasema ndio uliotoa shamba la kujengea shule. Ubishi huo ulikuwa umelala muda mrefu hadi wazazi walipochangia lango jipya, na fundi akauliza aandike nini juu yake. Tangu siku hiyo lango lilisimama bila jina, na mikutano ilikuwa imeshavunjika mara nyingi, mmoja kwa kurushiana viti. Sasa kumbe nyuma ya jikoni kulikuwa na madhabahu ya mababu. Ya mababu wa nani, hilo ndilo lililobaki.

Mpishi alikuwa wa ukoo wa juu. Kabla watoto hawajapewa chakula cha mchana, ambacho kwa kweli kiliungua, wazee wanne wa juu walikuwa wamekwisha fika, mmoja kwa bodaboda akiwa na kofia ya sherehe. Saa tisa wakafika wa chini, sita. Mzee wa juu mwenye kofia alizunguka shimo na kusema mawe yanaelekea kilimani, hivyo aliyeyasimika alikuwa anatazama kwao. Mzee wa chini, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alijibu kwamba mtu hasimiki mawe akatazama kwake, anaelekeza mgongo kwake. Watoto walikuwa wanaandika haya yote kwa kasi kubwa. Mkono wa mbele ukanyooka kuuliza vipi kuhusu kifuniko cha soda. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilikubaliana: kimeteremshwa na fuko. Fuko, walieleza, huchukua vitu vya juu akavipeleka chini, na kila mkulima anajua.

Niliona mambo yanaharibika nikasema kwa sauti ya darasani kwamba vitu hivyo nimevizika mimi, Jumapili, kwa ajili ya somo, na chungu ni cha mama yangu, na kuku nilimla na watoto wangu kwa ugali.

Walinitazama kwa huruma. Mzee wa kofia akanishika mkono. "Mwalimu, hatukatai umezika," alisema. "Lakini hii shamba yote ni kubwa. Nani alikuambia uchimbe hapo? Na nani alikuambia usimamishe mawe?"

Nilisema shimo lilikuwa jembamba.

"Eeh," akasema, na kuwageukia wenzake. "Sasa mnaona vile wanakuwanga. Wanatuma mtu na yeye mwenyewe hajui ametumwa."

Ukibisha, ndivyo mtu aliyetumwa anavyobisha. Upande wa chini haukuamini kwamba nimetumwa na mababu. Waliamini nimetumwa na ukoo wa juu, tena kwa malipo, nikanushe ili ushahidi wao upotee. Mzee wa kanisa akauliza kama kuna aliyeniona nikizika. Nilisema hakuna, watu wote walikuwa ibadani. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayetega mtego, kama si mimi niliyeombewa ibada nzima kwa sababu ya maradhi ya kichwa. Nilimtafuta mwalimu mkuu kwa macho, maana alikuwa ametia sahihi, nikamwona kwa mbali akilikagua lango kwa makini ambayo hajawahi kuyakagulia madaftari yetu.

Ikakubaliwa kwamba mawe yabaki, yazungushiwe kamba, na chungu kipelekwe kwa naibu wa chifu mpaka kesi isikizwe. Nilikiona kikiondoka kimefungwa kwa shuka jeupe, kimepakatwa kwenye bodaboda na mzee ambaye hajawahi kupakata hata mjukuu wake. Kwa hasira niliingia darasani nikalia, wazi, mbele ya watoto. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nilichimba changu kwa ruhusa ya ofisi.

Naibu wa chifu ni mtu mtaratibu. Alikiweka chungu juu ya kabati, kati ya madumu ya pombe haramu aliyoyanasa na picha yake ya kuhitimu. Nilikwenda kila jioni nikitoka kazini kuhakikisha kipo. Siku ya kwanza alinipa kiti. Siku ya pili aliniuliza kama nina uthibitisho wa umiliki, kama kitabu cha ng'ombe au risiti. Siku ya tatu alisema kusema ukweli ananiamini, lakini akikirudisha kwa imani yake tu, wazee watalala mlangoni pake, na mke wake amejifungua juzi. Alinishauri nilete shahidi anayekijua chungu. Ndugu zangu niliwapigia simu. Mkubwa wao akasema ni kweli mama alikuwa na chungu, lakini kama ni hicho au kingine hawezi kuapa, yeye alikuwa anaangalia mboga.

Hapo ndipo nikapata wazo. Wazee walikuwa wanashikilia kwamba chungu kimekaa ardhini tangu zama za mababu. Nikipata mjuzi wa vyungu aseme udongo huu haujawahi kulala ardhini hata mwaka, nimepona. Na wajuzi wa vyungu kwetu hawatafutwi mbali. Nilishuka Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, ambako wanawake wamefinyanga na kupanga vyungu kandokando ya lami tangu sijazaliwa. Nilizunguka na picha kwenye simu. Wote walinielekeza kwa mmoja, mzee kuliko wote, aliyekuwa ameketi juu ya gunia akimkaripia mtu kuhusu kuni. Aliitazama simu akanirejeshea. Alisema chungu hakijulikani kwa uso, kinajulikana kwa kutia mkono ndani, na kwamba kama ninamtaka aje Kakamega basi chai iwe na maziwa.

Kesi ilisikizwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, darasani kwangu, kwa sababu ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa ndogo. Wazee waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Gredi ya Saba walikataa kutoka. Walisema wao ndio waliochimba, na mchimbaji ana haki ya kusikia. Naibu wa chifu aliona hoja ipo. Kosa lake lilikuwa kuwaruhusu pia waulize maswali.

Walikuwa na yale maswali manne, wameyaandika kwenye katoni kwa kalamu nzito. Waliwaanza wazee wa juu. Nani anasema? Alikuwako? Mzee wa kofia alikiri kwamba hakuwako wakati wa mababu. Anajuaje? Aliambiwa na baba yake. Anapata nini tukimwamini? Hapo akakohoa, na darasa zima likageuka kutazama dirishani, kule lango lilikosimama bila jina. Wa chini wakacheka mpaka zamu yao ilipofika. Sikuwahi kujivunia darasa kama nilivyojivunia lile kwa dakika kumi.

Kisha mkono wa mbele ukanyooka kunielekea mimi.

Aliniuliza kama kuna aliyeniona nikizika. Hakuna. Aliniuliza kama ni kweli siku hiyo nilisema mimi ni mgonjwa. Ni kweli nilisema. Kwa hiyo nilidanganya? Nilidanganya kidogo. Akaandika. Wenzake nao wakaandika, kalamu thelathini na kitu zikikwaruza kwa pamoja.

"Na madam, chungu kikisemwa ni chako, wewe unapata nini?"

"Napata chungu."

"Basi uko na faida yako," akasema, bila ubaya wowote, akaketi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitamani kumtuma akafagie uwanja. Mzee wa kanisa alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema elimu ya siku hizi si mbaya vile watu wanavyosema.

Ndipo nikamwita shahidi wangu. Mfinyanzi alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili na kula nusu mkate, na aliingia akijifuta mdomo kwa leso. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akatia mkono ndani ya chungu mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, akauzungusha. Kisha akapapasa shingo ya chungu kwa nje, pale penye vishimo vidogo vya urembo.

"Hii ni yangu," akasema.

Naibu wa chifu akaandika kwamba sasa wadai wamekuwa wanne. Mfinyanzi akamwambia aache ujinga, yeye hadai, yeye ndiye aliyekifinyanga. Akainua kidole gumba cha kulia, kilichopinda upande tangu alipobanwa na mlango akiwa msichana, akakiweka kwenye kishimo kimoja, kikaingia sawasawa. Akakihamisha kwa kingine, kikaingia. Watoto walipanga mstari kujaribu vyao, na hakuna kilichoingia. Mzee wa kofia naye akajaribu chake akidhani haonekani.

Nilikuwa nimeshinda. Naibu wa chifu alikuwa anatafuta muhuri. Ningenyamaza tu hapo, mambo yangeisha. Lakini mwalimu akishapata shahidi hawezi kukosa kumuuliza swali moja la ziada. Nilimwambia nadhani anakosea kidogo, kwa sababu chungu hiki alikuwa nacho nyanya ya baba yangu, aliyekivusha mto wakati wa vita.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akauliza mama yangu alikuwa mwanamke wa namna gani. Nikasema mrefu, mweusi, mwenye mwanya, mcheshi.

"Huyo alikuja kwangu akilia," akasema. "Alibeba vipande kwa kikapu. Alivunja chungu ya mama mkwe wake, mwanangu, na mama mkwe alikuwa ameenda matanga, angerudi mwisho wa wiki. Akaniambia nitengeneze ingine kama hiyo, hata mama mkwe asijue. Watu wanakujanga kuniambia nitengeneze mzuri. Yeye aliniambia nitengeneze mbaya."

Aliendelea kwa sauti ya kawaida, akieleza kazi tu. Alikikausha haraka kuliko inavyofaa. Alikichoma na majani mabichi ili moshi ukitie weusi, akakisugua kwa magadi na mafuta ya kupikia, akakiambia kiwe kizee. Mama alikaa naye siku zote hizo akisaidia kuni. Na kilipokuwa tayari, mama akaokota jiwe akakipiga mdomoni upande mmoja, mara moja, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa na ufa. Mfinyanzi alisema alikasirika kuona kazi yake inapigwa jiwe, ndiyo maana hajasahau.

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia labda ni mwanamke mwingine. Nilimwambia wanawake wenye mwanya Kakamega ni wengi, na kwamba yeye ni mzee, amefinyanga vyungu elfu, anaweza kuchanganya. Nilimuuliza mwaka akashindwa kuutaja, nikawageukia wasikilizaji kana kwamba nimemnasa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wananiunga mkono kwa vichwa. Mzee wa kofia alisema kwa sauti kwamba mwalimu sasa anasema ukweli, chungu hiki ni cha kale.

"Madam," msichana wa mbele akasema polepole, "sasa wewe uko upande gani?"

Nilikaa. Kiti kilikuwa cha mtoto, kwa hiyo nilikaa chini sana.

Mfinyanzi akasema mama alikuwa na mtoto wa kike mgongoni siku zile, mtoto wa kelele, hakulala hata mchana. Mimi ndiye kifungua mimba wa mama. Mtoto mwingine wa kike hakumpata mpaka nilipokuwa shuleni, na Kukhu wakati huo hakuwa anatoka tena kwenda matanga.

"Kwa hivyo madam alikuwako," mmoja akanong'ona nyuma.

"Alikuwako lakini hakuona," mwenzake akamjibu, nikasikia kalamu zikianza tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Chungu cha juzi hakina kazi kwa ukoo wowote, na wazee walikiacha pale mezani kana kwamba hawajawahi kukifunga kwa shuka jeupe. Waliinuka, wakajinyoosha migongo, na kabla hawajafika mlangoni walikuwa wameanza kubishana kuhusu mafiga, kwa kuwa hakuna aliyetoa shahidi wa mafiga. Mpishi, ambaye aliyapikia miaka tisa, aliulizwa kama anayatambua. Alisema jiwe ni jiwe. Naibu wa chifu aligonga muhuri kwenye karatasi inayosema nimekabidhiwa chungu kimoja, kikuukuu, chenye ufa, akafikiri, akafuta "kikuukuu".

Nilimsindikiza mfinyanzi mpaka kwenye lami. Alikataa nauli, akachukua mkate uliobaki. Nilimuuliza kama mama aliwahi kurudi. Alisema alirudi mara moja tu, miaka mingi baadaye, akanunua chungu kidogo asichokihitaji, akamwambia mama mkwe hajajua mpaka leo.

Nyumbani nilikiosha mwenyewe. Nilikuwa na hasira na mama, nakiri, kwa Krismasi zote zile, kwa mto na vita alivyonilisha pamoja na mrenda. Alinitazama machoni, nami nikaenda kuyasimulia hayo kwa watoto wa watu. Nilikisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikafika kwenye ule ufa, na nikamwona, msichana wa miaka ishirini hivi, mtoto analia mgongoni, ameshika jiwe, anakadiria ni nguvu kiasi gani. Hasira ikaisha nikabaki nalia. Miaka yote ile aliketi karibu na Kukhu akimsimulia habari za chungu ambacho wote wawili walikuwa wakila ndani yake, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Kumbe kukiosha mwenyewe haikuwa heshima, ilikuwa hofu.

Na bado kuna Kukhu. Kukhu alipikia chungu cha kwanza tangu alipoolewa. Alikijua uzito wake akiwa amefumba macho, kama yule mama wa Ilesi. Nimejaribu kumkumbuka akiketi pembeni, akila kimya, mama akisimulia safari ya mto, na nakumbuka kwamba kila mara mama alipofika pale pa vita, Kukhu alisema mboga ni tamu na kuomba aongezewe. Hakuwahi kumsahihisha. Dada yangu anasema hiyo ni kwa sababu Kukhu alikuwa hasikii vizuri. Mume wangu anasema mboga ilikuwa tamu, basi. Mimi nadhani alijua tangu jioni ya kwanza aliporudi matanga na kukiinua, akaona macho ya yule msichana, akakirudisha mahali pake.

Ningetoa chochote kumwambia mama kwamba hakuwa na haja ya kuogopa. Lakini Kukhu hayupo na mama hayupo, na ushahidi wa kumwonyesha sina.